Darasa la Kiyoruba mtandaoni: nimelipa, nimesoma, mume wangu kafeli

Nianze na pesa, maana najua ndilo swali la kwanza. Shilingi 120,000 kwa muhula wa wiki 12, vipindi viwili kwa wiki kwa njia ya video, dakika 50 kila kimoja. Mzazi na mtoto mmoja wanaingia kwa ada hiyohiyo. Juu yake weka bando, weka shilingi 14,400 nilizoziacha stesheneri kwa sababu nitakazozieleza, halafu weka aibu, ambayo bei yake bado sijaipata. Mwalimu yuko Ibadan, Nigeria. Jina la darasa silitaji: humu nitasifia na nitalalamika, na mwenye darasa ni mtu mmoja na kompyuta yake, hana kampuni nyuma yake.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Dar es Salaam, mwaka wa 11 huu nafundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwetu ni Tanga. Mume wangu ni Myoruba, tumeoana mwaka wa tisa sasa, na mtoto wetu wa miaka saba anaitwa Ayọ̀, yaani furaha. Kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye daftari la mahudhurio ameandikwa Ayo, bila kitone chini na bila kimstari juu, nami miaka yote hiyo nilidhani yale ni madoido tu, kama mapambo ya kanga. Somo la tatu ndipo nilipojua kwamba ukikiondoa kitone ukakiacha kimstari unapata ayò, na ayò ni bao. Bao hilihili letu la mashimo na kete. Nimemzaa mwanangu, nimemlea, kumbe kwa maandishi nimekuwa Mama Bao.

Kilichonipeleka darasani lakini ni simu ya Jumapili. Mama mkwe ana duka la vitambaa, na nilimkuta akiyapanga majora. Mume wangu alikuwa amenifundisha kwamba mtu ukimkuta kazini unamwambia Ẹ kú iṣẹ́, pole na kazi. Nikalisema kwa sauti ya Kitanga, nikaliteremsha pale mwanzo wa neno la mwisho. Kimya. Kisha kicheko cha duka zima, wateja wakiwemo. Iṣẹ́ ni kazi. Ìṣẹ́, ukianza na sauti ya chini, ni ufukara. Nilimpa mama mkwe pole ya umaskini mbele ya wateja wake. Yeye kwa wema wake akasema tu, “Ìyàwó wa,” yaani mke wetu, akakata simu ili aendelee kucheka vizuri.

Sasa darasa lenyewe.

Mwalimu haanzi na herufi. Hili nimelipenda kuliko yote, na nitalirudia kwa walimu wenzangu shuleni hadi wanichoke. Wiki mbili za kwanza hatukuandika chochote, tuliimba. Kiyoruba kina toni tatu, yaani ngazi za sauti zinazobadilisha maana ya neno: ya chini, ya kati na ya juu, na watoto wa kule huzijua kama do, re, mi. Ya chini inawekewa kimstari kinachoteremka (à), ya juu kimstari kinachopanda (á), ya kati haiwekewi kitu. Mwalimu anapiga meza na kuimba, wewe unamjibu. Bàtà, do-do, ni kiatu. Bàtá, do-mi, ni ngoma. Mwanangu akauliza, “Na bata wa kuogelea?” Mwalimu alicheka mpaka picha ikaganda.

Kisha akatupa neno moja kwa nyimbo nne. Ọkọ, re-re, ni mume. Ọkọ́, re-mi, ni jembe. Ọkọ̀, re-do, ni chombo cha usafiri. Ọ̀kọ̀, do-do, ni mkuki. Ayọ̀ alizishika siku hiyohiyo, akawa anazunguka nyumba nzima akiimba mume, jembe, gari, mkuki. Mimi zilinichukua wiki. Sikio la mtoto halina ubishi. Sikio la mtu mzima wa Kiswahili linatafuta mkazo, likiukosa linaona hakuna kitu.

Maana sisi tumezoea raha. Kiswahili kimezipoteza toni ambazo ndugu zake wengi wa Kibantu wanazo hadi leo. Mhaya, Msukuma na Mkikuyu wanazitumia kila siku bila kuziandika. (Tena niliweke sawa hili, maana hata mimi nilikuwa nimekosea: kile kialama cha juu kwenye ĩ na ũ za Kikikuyu hakihusu toni, kinaonyesha irabu nyingine kabisa.) Sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi, na mahali ambapo unahama, kama barabara ya magari na barabara ya “sawasawa”, tunaandika vilevile na msomaji anajijua. Sijawahi kuona mtoto wa darasa la kwanza akikwama hapo. Anakwama kwenye ng’ na nyw, lakini siyo hapo.

Majirani wa Rwanda nao lugha yao ina toni, na magazeti yao yanachapwa bila alama hata moja. Inda ni tumbo, na inda ni chawa. Mnyarwanda haulizi ni ipi, sentensi inamwambia. Kwa hiyo niliingia darasani na swali la kitaaluma, si la mke wa mtu tu: hivi vimstari vinamsaidia nani? Mtoto anayejifunza kusoma, au mtaalamu aliyevitunga?

Kabla ya jibu, stesheneri.

Mwalimu hutuma kitabu cha kusomea, kurasa 48, kwenye faili la Word. Kitabu ni kizuri: herufi kubwa, picha chache, sentensi fupi, na masomo ya mwanzo yana alama zote. Nikakipeleka kuprinti kwenye stesheneri moja karibu na nyumbani, shilingi 150 kwa ukurasa. Kompyuta yao haikuwa na fonti ile. Kilichotoka kwenye mashine ni maafa. Kila ọ yenye kimstari ilikuwa kijisanduku cheupe, au kimstari kimeruka kwenda kukaa juu ya herufi ya jirani, na mahali pengine vitone vimepotea kabisa. Neno ọkọ, mume, likabaki oko. Oko ni shamba. Na ukiipandisha sauti mwishoni linakuwa neno la tatu ambalo mimi, mwalimu wa watoto wadogo, siliandiki hapa. Ukurasa wa 9 ulikuwa na sentensi ya mama anayempikia mume wake. Soma mwenyewe ulichotaka kusoma.

Kijana wa stesheneri alisema, “Dada, si unaelewa tu?” Nikamwambia ningekuwa naelewa nisingelipa ada. Nililipa 7,200 za karatasi za kufungia maandazi, nikarudi nyumbani, mume wangu akaligeuza faili kuwa PDF, nikalipa 7,200 nyingine. Mwalimu, kama unasoma: tuma PDF tangu siku ya kwanza. Hilo peke yake limekupunguzia nusu nyota.

Nusu ya pili imeliwa na ukurasa wa mazoezi. Baada ya kila somo kuna maswali mtandaoni, unaandika jibu na mashine inasahihisha. Niliandika ọ̀rẹ́, rafiki. Mashine: umekosea. Jibu sahihi, ikanionyesha, ni ọ̀rẹ́. Nikaandika tena, nikakosa tena. Nilifanya hivyo mara sita, na kila mara jibu langu na la mashine vilifanana kama mapacha. Mume wangu, ambaye kazi yake ni mambo ya mitandao, ndiye aliyegundua. Herufi é ya Kifaransa ina namba yake moja kwenye kompyuta, na ẹ yenye kitone inayo yake, lakini ẹ́ yenye vyote viwili haina namba ya peke yake. Inajengwa kwa vipande. Unaweza kuanza na ẹ ukaiongezea kimstari, au ukaanza na é ukaiongezea kitone. Jicho linaona kitu kimoja, kompyuta isiyoelekezwa inaona vitu viwili. Kibodi ya simu yangu ilikuwa inajenga kwa njia moja, mazoezi yanasubiri nyingine. Mwalimu alilirekebisha wiki ya saba, baada ya wanafunzi watatu kulalamika kwenye grupu. Fikiria mtoto aliyeandika sawasawa anaambiwa amekosea mara sita. Mwanangu angekuwa mwanafunzi wangu na mimi ndiye mashine ile, ningeitwa ofisini.

Haya, jaribio. Hapa ndipo darasa lilipolipa ada yake yote.

Wiki ya tisa tulipewa kifungu cha maneno 40 kisicho na alama hata moja, na kazi ilikuwa kuziweka. Jumapili jioni, mezani, mimi na kalamu ya bluu. Baba Ayo akapita na kikombe chake cha chai akasema, “Leteni niwaonyeshe.” Nikamtolea nakala ya pili. Kwanza nikamwambia akisome kwa sauti, nikabonyeza saa ya simu. Alikisoma kama maji, hakusita popote: sekunde 38. Kila toni mahali pake, maana ni lugha aliyonyonya. Kisha akakaa kuweka alama. Baada ya mstari wa pili alianza kuimba chinichini, do, re, mi, anafuta, anarudi nyuma. Chai ilipoa. Tulipolinganisha na majibu, alikuwa amepata maneno 23. Mimi nilipata 31.

Msinipigie makofi. Mimi nilikuwa nimeyakariri maneno yale kwa jicho, kama mtoto anavyokariri herufi za jina lake. Yeye alikuwa anayasikia vizuri kabisa ila hakujua pa kuyaweka. Ya kati na ya chini zilimchanganya karibu kila alipokosea. Shule alisoma kwa Kiingereza, Kiyoruba kilikuwa somo moja kati ya masomo mengi, na tangu hapo ujumbe wote anaomwandikia mama yake kwenye simu hauna hata kitone. Mama naye anamjibu vivyo hivyo, na wanaelewana.

Kingine kilichomwangusha kilinipa mimi faraja. Rà ni kununua, toni ya chini. Lakini kitenzi cha namna hiyo kikifuatwa na nomino inayotendwa, sauti inapanda hadi ya kati na alama inaondoka: Mo ra aṣọ, nimenunua nguo. Ukisema “nimeinunua” inarudi: Mo rà á. Yeye aliandika rà kote, kwa sababu kichwani mwake neno ni moja. Na mimi nikiwa mwalimu wa kusoma nakwambia kichwa chake kina hoja. Mtoto anajifunza kusoma kwa kulizoea umbo la neno, alitambue hata likiwa mbali kwenye bango. Neno linalobadilisha nguo kila likikutana na jirani mpya linamchelewesha.

Kisha nikampa nakala yenye alama zote akisome kile kile. Nilitegemea angekimbia zaidi, maana ni mara ya pili. Sekunde 51. Aliniambia, “Zinanisimamisha. Kama mtu anayenisahihisha kabla sijakosea.”

Nilimtumia mwalimu picha ya karatasi zote mbili. Hakushangaa hata kidogo. Akanijibu kwa ujumbe mrefu wa sauti kuhusu jaribio la mtaalamu wa lugha Steven Bird, lililochapishwa mwaka 1999, lililofanywa magharibi mwa Cameroon kwa watu wa Dschang wanaosoma lugha yao, Kiyemba. Walipewa maandishi yenye alama za toni na yasiyo nazo, wasome, kisha waweke alama wenyewe. Alama zilipunguza mtiririko wa kusoma, na hata maneno yenye utata hazikusaidia kuyatatua. Kwenye kuandika, wazoefu walipata asilimia 83.5, wasio wazoefu asilimia 53. Mume wangu na 23 zake kati ya 40 aliposikia hivyo alipata nguvu, akaniomba nimrudishie kikombe.

Lakini mwalimu akaongeza jambo ambalo ndilo lililonifanya nimwamini. Kiyemba si Kiyoruba. Kule toni zinabadilishana sana neno likikaa jirani na neno, kwa hiyo ukiandika kila kinachosikika, neno moja linakuwa na sura nyingi. Kwa Kiyoruba, mbali na mambo kama yale ya rà, toni hukaa na neno lake kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana Askofu Samuel Ajayi Crowther na wenzake, tangu karne ya 19, walihangaika na vimstari na vitone hivi, na mjadala wa tahajia ukaendelea hadi tahajia rasmi ya mwaka 1974. Ukichukua dawa ya Kiyoruba ukamnywesha Myemba, usishangae akiumwa tumbo.

Nilivyosikia hivyo, mawazo yangu yalirudi chuo cha Kurani Tanga, mkekani. Sisi tulianza kusoma na irabu zote: fataha juu, kasra chini, dhumma na kamkia kake. Msahafu unazo mwanzo hadi mwisho, kwa sababu pale kukosea si mchezo. Siku ya kwanza niliposhika gazeti la Kiarabu, nikiwa msichana mkubwa, nilidhani mashine imeharibika: irabu hazipo! Mjomba akaniambia gazeti linaandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anayajua maneno. Mimi nilikuwa najua herufi, maneno siyajui.

Basi ndiyo hivyo. Mume wangu ni msomaji wa gazeti. Mimi na Ayọ̀ bado tuko mkekani. Vimstari ambavyo vinamsimamisha yeye ndivyo vinavyonishika mkono mimi, kwa sababu sina neno kichwani la kukisia. Sentensi ile ambayo kila mtoto wa Kiyoruba anaijua, Iṣẹ́ ni oògùn ìṣẹ́, kazi ni dawa ya ufukara, mume wangu anaisoma bila alama kama kunywa maji. Mimi nikiletewa Ise ni oogun ise nabaki nimetoa macho: kazi ni dawa ya kazi? Ufukara ni dawa ya kazi? Siku nyingine, sentensi zote mbili zinaonekana kweli.

Na hapa ndipo malalamiko yangu makubwa yanapokaa, makubwa kuliko stesheneri. Kitabu kina alama zote hadi somo la 12. Somo la 13, bila onyo, zinatoweka. Zote. Mwalimu anasema wanafunzi wazoee Kiyoruba kama kinavyoandikwa mtaani na kwenye simu. Nia naielewa, njia siikubali. Mimi mtoto wangu wa darasa la kwanza simnyang’anyi silabi siku moja nikampa gazeti. Ningeziondoa kidogokidogo: maneno aliyoyazoea yaende bila alama, neno jipya lije nazo, na palipo na utata wa kweli zibaki daima. Ayọ̀ alilia kwenye somo la 13. Hakulia kwa sababu ya ugumu. Alilia kwa sababu alikuwa na wimbo, wakamwondolea noti.

Mwalimu mwenyewe, kwenye grupu la WhatsApp, anaandika bila alama akiwa na haraka, halafu sisi tukiandika hivyo anatukata maksi. Hilo tumemwambia. Amecheka, amekubali, na kesho yake amerudia.

Mengine kwa ufupi. Sauti ya gb utaishika ndani ya siku mbili, na p yao inasomwa kp, usibishe. Vipindi vinaanza kwa wakati, umeme ukikatika kwao anafidia. Saa za kwao ziko nyuma yetu kwa mbili, hivyo kipindi cha saa moja jioni yao ni saa tatu usiku yetu, na mtoto anasinzia. Omba cha alasiri. Rekodi za sauti za kila neno ni safi, na ndizo nilizozitumia zaidi ya video. Uliza kabisa kabla ya kulipa jinsi ya kutuma pesa. Mimi mume alimalizana nao kwa akaunti yake ya kule, wewe usiye na Mnigeria ndani itakubidi utafute njia.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne na nusu kama si PDF na mashine ile ya kusahihisha; ile nusu ya mwisho ni ya somo la 13 na haitarudi mpaka libadilishwe. Kama umeoa au umeolewa huko, au mtoto wako ana jina la huko, jiunge. Kama unaongea Kiyoruba tangu tumboni na unataka tu kujua kuandika, mwambie mwalimu mapema, kwa maana kitabu kile hakikuandikwa kwa ajili yako.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama mkwe. Nilisema Ẹ kú iṣẹ́, re-mi, kidole changu kikipanda hewani kama cha mwalimu wa kwaya. Akamuuliza mume wangu, huyu ni nani anayeongea. Muhula wa pili unaanza Jumatatu, na nimelipa ada ya mzazi na mtoto. Mtoto ni Ayọ̀. Mzazi safari hii ni baba yake.